Mkanda wa Ngozi Mbichi

Harufu ya ngozi mbichi inayokauka juani haina ndugu. Inaanza kama mzoga, kisha jua likiipiga siku ya pili inapata chumvi na majivu, na mwishoni hubaki utamu fulani unaong'ang'ania kooni. Mwaka jana niliikuta hapa Mbeya, pembeni mwa soko la Mwanjelwa, nilikokwenda kutafuta ulezi. Fundi mmoja kijana alikuwa ameketi juu ya kreti la soda akiwamba ngoma. Nikasimama. Mjukuu wangu alinivuta mkono akidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa Iringa, nina miaka kumi, na baada ya harufu ile ya ngozi nilikuwa nangoja ile inayoifuata, yaani petroli, na baada ya petroli, damu.

Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu kwa miaka mingi habari hii nilijisimulia vibaya mimi mwenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi ngozi. Mjini walimwita Fundi Mussa. Nyumba yetu ilikuwa upande ule ambao mji wa Iringa unaanza kuteremka, na uani kwetu daima kulikuwa na ngozi ya ng'ombe imewambwa kwa vigingi. Alitengeneza makubadhi, kamba za nira na hatamu za punda, lakini kazi iliyomletea watu kutoka mbali ilikuwa kubana mipini. Mtu alileta shoka ambalo kichwa chake kinachezacheza. Baba alichukua ukanda wa ngozi mbichi, akauloweka hadi ukawa laini kama utumbo, akauzungusha shingoni mwa shoka na kulianika. Ngozi mbichi ikikauka hujikunja na kubana kuliko chuma. Baada ya siku moja ungeweza kulipiga shoka lile kwenye jiwe na lisitikisike. Hiyo ndiyo elimu niliyolelewa nayo: kinachobana ni kizuri, na kinachobana zaidi ni kizuri zaidi.

Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, na kwa kuwa nilikuwa na mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Ulinipatia vipigo kila mahali. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliupiga kwa fimbo ya mpera hadi vidole vikawa vinene kama ndizi. Mama aliufunga kwa kitambaa wakati wa kula na kunipiga kibao nikiufungua. Baba peke yake hakuugusa. Alinipa kisu, nami nilianza kwenye ukingo wa ngozi nikaikata kwa kuzunguka, raundi baada ya raundi, kama mtu anayemenya kiazi, hadi ngozi nzima ikawa ukanda mmoja mrefu usio na kiungo.

“Muacheni,” alimwambia Mama. “Unaokata vizuri ndio mkono.”

Halafu akaja Baba mdogo.

Athumani alikuwa mdogo wa baba, tumbo moja. Alipigana vita vya Hitla huko Burma, akarudi na koti la jeshi, kovu lililopita shavuni hadi sikioni, na hasira isiyokuwa na mlango wa kutokea. Alifanya kazi ya utaniboi, yaani utingo, kwenye malori ya Iringa na Mbeya hadi siku alipompiga dereva wake kwa jeki. Tangu hapo hakuna lori lililomtaka. Akahamia kwetu, akalala kwenye banda la ngozi, na usiku alipiga kelele akiwaita watu ambao hatukuwajua. Mimi nilimpenda kuliko mtu yeyote. Aliniita Koplo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa cheo.

Siku moja alitokea njia ya Idodi anasukuma toroli, na ndani ya toroli mlikuwa na injini. Ilikuwa ya pampu ya maji, imetupwa kwenye shamba moja la tumbaku, imejaa kutu na viota vya nyigu. Alikuwa amemchimbia mwenye shamba mtaro mzima ili aipate. Akaibwaga uani, nyigu wakatoka, wakamuuma Mama shingoni, na Mama akamrushia mchi.

“Shemeji, tulia,” alisema Baba mdogo akiukwepa. “Huyu ni Sajenti. Anakuja kuishi na sisi.”

Alitaka kuifunga kwenye baiskeli. Hakuwa na baiskeli wala fedha ya kununulia hata msumari, kwa hiyo kila kitu kilitafutwa. Fremu aliitoa kwenye shimo la takataka, akainyoosha kwa kuipigapiga kwenye gogo siku nzima hadi watoto wa jirani wakalia. Ringi mbili hazikulingana. Tangi lilikuwa kopo la samli. Bomba la moshi lilikuwa kipande cha kitanda cha chuma. Breki zilikuwa soli za makubadhi ya baba. Alichonunua ni plagi tu, na kwa ajili ya plagi aliuza lile koti la jeshi, na Iringa mwezi wa sita si mahali pa kuuza koti.

Sajenti alikuwa na tabia ya cheo chake. Aliwashwa kwa kamba, na asipotaka aliirudisha kamba kwa nguvu. Mara ya kwanza aliuvuta mkono wa Baba mdogo hadi uso wake ukagonga fremu, akatema jino. Aliliokota, akanipa. “Liweke, Koplo. Nitalidai.” Akavuta tena.

Kilichobaki ni namna ya kuipeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma. Alichonga puli ya mninga, gurudumu la kushikia mkanda, na kuifunga kwenye spoki. Mkanda wa mpira hatukuwa nao. Baba mdogo akachukua kisu na kwenda kwenye ngozi nzuri iliyowambwa uani, ngozi ya dume iliyokuwa imeagizwa. Baba alimkuta ameshakata.

Sikuwahi kuona watu wazima wakipigana kimyakimya. Baba alimshika kwa nyuma na kumbamiza ukutani. Baba mdogo alimgeukia na kumpiga ngumi ya tumbo, wakaanguka juu ya vigingi, wakagaragara kwenye majivu na maji ya ngozi, na kilichosikika ni pumzi zao tu na miguu ikikwaruza. Baba alikuwa mfupi lakini mikono yake ilikuwa imekaza ngozi miaka ishirini. Alimkalia kifuani na kumshika koo. Mama aliwamwagia maji ya moto wa wastani, ambayo nadhani aliyachagua kwa makini, na ndipo wakaachana.

Baba alikaa chini, damu inamtoka mdomoni, akasema maneno ambayo kila mtu kwetu aliyakumbuka baadaye.

“Mkanda huo chukua, umeshauharibu. Jumamosi hicho kidude chako kishuke mlima wa Ipogolo hadi darajani, halafu kipande mpaka juu kwa nguvu yake chenyewe, watu wakiona. Kikipanda, utabaki hapa. Kisipopanda, Jumatatu unakwenda Idodi kwa mjomba kulima tumbaku, na sitaki kukuona.”

“Kitapanda, kaka.”

“Tutaona.”

Basi mambo yalikuwa hayo. Baba mdogo angebaki au angeondoka, na yote yalitegemea mlima mmoja.

Usiku wa kuamkia Jumamosi kulinyesha manyunyu, yale ya Iringa ambayo hayana kelele lakini hupenya hadi kwenye mifupa. Mashine ilikuwa imelala uani bila kufunikwa. Asubuhi Baba mdogo aliiwasha, Sajenti akanguruma, puli ndogo ya injini ikazunguka kama wazimu, na gurudumu halikwenda popote. Ngozi ilikuwa imelowa na kulegea. Mkanda ulining'inia kama ulimi wa mbwa. Kulikuwa na mpini wa mti aliouweka ili ukiusukuma ubonyeze mkanda ushike puli, na ukiuachia mkanda ulegee, mashine iende bure. Aliusukuma mpini hadi mwisho. Mkanda uliteleza tu.

Alipiga fremu teke. Alipiga ukuta ngumi, na ngozi ya vidole ikabaki ukutani. Halafu akaketi, akafunika uso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Kisha aliondoka kwenda kutafuta petroli kidogo kwa marafiki zake wa malori, nadhani ili nisimuone.

Baba hakuwepo, alikuwa machinjioni. Mama alikuwa mtoni. Nilikuwa peke yangu na mkanda uliolegea na kisu nilichokijua.

Niliukata kwenye kiungo, nikatoa kipande cha urefu wa viganja viwili, nikazilaza ncha mbili moja juu ya nyingine, nikatoboa, na kuzifunga kwa ukanda mwembamba mbichi, mzunguko kwa mzunguko, nikivuta kwa meno. Nilifanya kazi nzuri. Nataka ujue hilo: nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilijua kabisa kwamba ngozi ikikauka itazidi kubana, nikafurahi, kwa sababu kwetu hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba kitu kimebana mno.

Baba mdogo aliporudi, Sajenti alinguruma na gurudumu likauma ardhi, mashine ikaruka mbele na kumwangusha kuku. Alisimama akiutazama mkanda, akaupapasa.

“Nani amekaza hivi?”

Nilifungua mdomo. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kucheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia kwake, na macho yamejaa machozi.

“Kaka!” alisema. “Mjanja yule. Ananikaba koo mchana, halafu anakuja kunikazia mkanda kwa siri. Hataki niende, Koplo. Ndugu yangu hataki niende.”

 Nilirudisha kisu mahali pake, nikamwacha aamini hivyo.

Tangu saa tatu hadi saa sita alizunguka mji mzima akijionyesha. Alipita sokoni, alipita msikitini, mbwa wote wa Iringa wakimfukuza. Jua lilikuwa limetoka kali, kama linavyotoka baada ya manyunyu. Kila alipopita mbele ya nyumba yetu mlio wa injini ulikuwa umepanda kidogo, na mimi nikadhani Sajenti anafurahi.

Saa sita watu walijaa mlimani. Baba alisimama mbele, amekunja mikono, mdomo bado umevimba. Baba mdogo alimpita taratibu, akampigia saluti ya kijeshi.

“Ahsante, kaka!”

Niliuona uso wa baba. Hakuelewa anashukuriwa nini.

Mashine ilianza kushuka. Wakati wa kushuka alipaswa kuachia mpini, mkanda ulegee, aende kwa breki. Nilimwona akiuachia. Hakuna kilicholegea. Ngozi ilikuwa imekauka na kujikunja hadi ikawa inabana bila mpini, na injini ilikuwa inamsukuma kwenye mteremko ule kama inayomchukia. Alikanyaga breki, soli zikatoa moshi, zikachomoka. Alijaribu kung'oa waya wa plagi kwa mkono, umeme ukampiga, mkono ukaruka juu. Alikuwa anapiga kelele. Watu walicheka, wakidhani anashangilia.

Kwenye kona ya chini alikuwa anapanda Mzee Gasto, muuza mkaa wa Ipogolo, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili, kichwa ameinamisha kwa uzito. Sidhani kama aliinua macho.

Sauti ya kugongana haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia likitupwa kutoka kwenye lori. Vumbi jeusi la mkaa lilipanda juu, na ndani ya vumbi Sajenti aliendelea kulia. Tulipofika, mashine ilikuwa imelala kwa ubavu, gurudumu la nyuma bado linazunguka, na mguu wa Baba mdogo ulikuwa kati ya mkanda na puli. Kila mzunguko uliuvuta ndani kidogo. Nyama ilikuwa inatoka kwa vipande vidogo na kurushwa, na kimoja kilinipata hapa, chini ya jicho. Mzee Gasto alikuwa amekaa kando ya barabara ameegemea gunia lake, ameshika kifua kwa mikono miwili, anapumua mapovu mekundu, na alikuwa anauliza, kwa adabu kabisa, “Kamwene? Kamwene?”, kama mtu aliyesikia hodi mlangoni. Kamwene ni salamu yetu.

Baba alichomoa kisu chake na kuukata mkanda kwa pigo moja. Uliruka kama nyoka. Aliuokota ili kuutupa, akauona. Akautazama ule mfungo kwa muda ambao mtu angehesabu hadi tatu. Kisha aliinua macho akanitazama mimi. Halafu akautia mkanda kifuani, ndani ya shati, akainama kumshika mdogo wake.

Jioni ile aliileta mashine uani, akaivunja kwa shoka. Alipiga puli, alipiga tangi, alipiga fremu hadi cheche zikatoka na mikono yake ikavuja damu, na injini aliifumua kama mtu anayepasua kichwa cha samaki. Mkanda aliutia motoni. Nilidhani ni hasira tu.

Mzee Gasto alikufa siku ya tatu. Siku ya tano walikuja wanawe wawili, na rungu. Baba mdogo, kule hospitali, alikuwa akilia na kuwaambia wote waliomtembelea kwamba mkanda haukuachia, na kwamba ulikazwa na kaka yake. Maneno yalikuwa yamefika Ipogolo.

“Nani alifunga mkanda ule?” aliuliza mkubwa wao.

Nilikuwa mlangoni, nina bakuli mkononi.

“Mimi,” alisema baba.

“Ulijua utabana?”

“Mimi ni fundi ngozi. Nilijua.”

Walimpiga pale pale uani, mbele yetu. Hakuinua mkono hata mara moja. Rungu la kwanza lilimvunja mfupa wa bega, la pili sijui lilimpata wapi. Alianguka kwenye vigingi vyake na wao wakaendelea kwa miguu, wakilia huku wakipiga, hasa mdogo wao, ambaye hakuwa mkubwa sana kuliko mimi. Jumbe wa mtaa wetu alikuja na watu wakawatenganisha. Mambo yakamalizwa barazani kwake. Mimi nilisimama na bakuli langu, na nilichokuwa nakifikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba baba hajui. Anadhani mkanda ulifungwa na Baba mdogo mwenyewe, nilijiambia, na anaona aibu kusema ndugu yake anadanganya. Nimepona.

Baba mdogo alikatwa mguu. Alipotoka hospitali lori lilimpeleka moja kwa moja Idodi. Baba alikwenda kumuaga, bega limefungwa. Baba mdogo alimtemea mate.

“Ulitaka kuniua,” alisema. “Kama ulitaka niondoke, si ungesema tu?”

Baba alikuwa ameshakiri, uani na barazani, kwamba mfungo ni wake; akayafuta mate kwa mkono mzima. Hawakuzungumza tena maishani mwao. Nilimrudishia Baba mdogo jino lake pale kwenye lori. Alilichukua, akanishika kichwa. “Koplo, wewe ndiye uliyebaki kwangu.” Alifia Idodi nikiwa nimeshaolewa.

Na baada ya hapo baba alibadilika kwangu, na hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe. Alianza kunipiga mkono wa kushoto. Yule aliyesema muacheni. Nikishika kisu kwa kushoto mteja akiingia, baba alinipiga kwa mpini wa nyundo juu ya vidole. Alinivunja kidole hiki kidogo, ambacho hadi leo hakinyooki. “Kulia!” alipiga kelele. “Huyu mtoto ametumia kulia siku zote, leo ana wazimu gani?” Wateja walitazama pembeni. Nilidhani bega lililovunjika lilimwingiza chuki, na kwamba alihitaji mtu mdogo wa kuirudishia. Nilijifunza kulia. Nilipoolewa Mbeya niliondoka bila kugeuka nyuma, na alipokufa nilikwenda kumzika kama mtu anayekwenda kulipia kibali.

Sasa nirudi Mwanjelwa.

Yule kijana wa ngoma aliniona natazama. “Karibu, bibi. Unaijua kazi hii?” Nikamwambia naijua kidogo. Akanipa ukanda uliolowa na ngoma ndogo, kwa utani, akisema, “Haya, tuone wazee.” Niliketi. Nilifunga mizunguko minne, nikavuta kwa meno machache niliyobaki nayo. Sikufikiria mkono gani. Alipokea ngoma, hakuitazama hata kwa muda ambao mtu angehesabu hadi tatu, akacheka.

“Bibi, kumbe wewe ni mashoto!”

“Umejuaje? Ulikuwa umenipa mgongo.”

“Si hii mizunguko? Ya kwetu sisi inalalia kulia, yako inalalia kushoto. Fundi yeyote wa ngozi anaona. Hata ukiifunga gizani ukaiacha mlangoni, nitajua ni wewe.”

Mjukuu wangu anasema nilikaa pale hadi ulezi ukaisha sokoni.

Nilikuwa nakumbuka kwa mpangilio, kama nilivyokuahidi. Baba barabarani, na mkanda mkononi, mizunguko yangu inalalia kushoto. Watu waliokuwa wamesimama pale na kuuona kabla hajautia ndani ya shati, nusu yao wa Ipogolo. Wateja waliokuwa wanaingia kila nilipopigwa: nikiwahesabu sasa, nyuso zao zote ni za Ipogolo, majirani wa Mzee Gasto. Na siku ndefu za mvua ambazo hakuna mteja aliyekuja, sisi wawili tu kwenye banda, nami nikajisahau na kukata kwa kushoto kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Nilikuwa nadhani hakuona. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo, uso ameuelekeza ukutani, na bega lake bovu, na alikuwa ananisogezea ngozi.